Siku Niliyolala Nyumba ya Kati

Kwanza ieleweke kwamba siku ile sikufa. Nalisema hili mapema kwa sababu bado wapo watu hapa Amu ambao tukikutana sokoni hunitazama miguu kwanza, waone kama inagusa chini, ndipo wanisalimie. Na Rawiya, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyeanzisha mambo yote, mpaka leo hushikilia kwamba kosa lilikuwa langu. Basi nitayaeleza yalivyokuwa, na atakayetaka kumwamini Rawiya na amwamini.

Naitwa Fahima. Nyumba yangu iko Mkomani, ya mawe na chokaa, ghorofa mbili. Niliirithi kwa mama yangu, naye kwa mama yake, kwa kuwa kwetu mwanamke ndiye mwenye nyumba. Mwanamume akioa huja na sanduku lake na kofia yake, akaonyeshwa pa kulala. Watalii hupita wakipiga picha mlango wangu wa nakshi, wakaupapasa, wakajipiga picha nao, nami huwachungulia kutoka juu nikicheka. Nyumba njema si mlango. Mlango ule babu aliununua kwa mtu aliyekuwa na shida.

Kilicho chetu hasa kiko ghorofa ya juu. Ukivuka kumbi mbili unafika chumba tunachokiita ndani, ambacho ukuta wake mmoja, kutoka sakafuni hadi darini, umejaa zidaka, yale mashubaka ya chokaa yaliyochongwa ambamo mabibi zetu walipanga sahani na mabakuli yao. Nyuma ya ukuta huo kuna chumba kingine kidogo. Hakina dirisha wala pambo. Hicho ndicho nyumba ya kati. Humo wanawake wa ukoo wetu walizalia, na humo walioshwa walipokufa, na kazi nyingine hakikuwa nayo. Mimi nilizaliwa humo. Mama yangu nilimwosha humo kwa mikono yangu. Siku niliyommiminia maji ya mwisho, yale yenye kafuri, nilijua kwamba na mimi nitalazwa papo hapo, nikatulia moyo. Tangu hapo kifo kilikuwa kitu ambacho sikukipenda lakini nilikijua mahali pake.

Sasa nije kwa mwanangu Sundus. Mwenyezi Mungu alinipa mtoto mmoja tu, akanipa na ukaidi wa watoto saba. Alisomea ujenzi Nairobi, kisha akapata nafasi ya kwenda Italia, katika mji mmoja wa kale ulio juu ya kilima, kujifunza jinsi wenzetu wanavyotengeneza nyumba kuukuu bila kuziharibu. Alikwenda mwembamba akarudi mnene kwa tambi, na maneno mengi. Akaolewa na Swafwan, kijana wa Mbwajumali, mpole, fundi wa umeme kule kwenye bandari mpya. Swafwan alikuwa amepanga nyumba Kililana, ng'ambo bara, karibu na kazi yake, nyumba ya bati, lakini yenye bafu na choo ndani, na maji ukifungua tu yanakuja.

Nikampa Sundus ghorofa ya juu kama mama alivyonipa mimi. Akanibusu mkono. Kisha akasema, "Nitakuja, mama. Swafwan pia amekubali, atavuka kwa boti asubuhi na jioni. Lakini..."

Lakini ilikuwa hii. Choo na bafu viko chini, karibu na kisima. Ngazi zetu ni za mawe, nyembamba na zimesimama wima, na Sundus alikuwa na mimba ya miezi sita. Alizipima kuta zote za juu, akazigonga kwa kidole kama daktari agongavyo kifua, akaona kwamba bomba linaweza kupita mahali pamoja tu bila kuzigusa zidaka.

"Wapi?" nikauliza.

"Nyumba ya kati. Nataka kuifanya bafu. Bafu na choo."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaweka ungo chini.

"Nyumba ya kati," nikasema.

"Haina kazi, mama. Tangu bibi afe haijafunguliwa ila kutoa panya."

"Ina kazi. Yaningoja mimi."

"Mama!"

"Nambia wewe basi, uliyesoma. Mimi nikifa nioshewe wapi? Kitwa kiegemee choo?"

Akatoka akiburuta miguu, na mimi nikachambua mchele ule mpaka nikatupa na mzuri.

Sundus hashindwi kwa siku moja, hilo amelirithi kwangu. Jioni ya siku ya pili akaniletea simu usoni. Ndani ya simu kulikuwa na bibi kizee mwenye nywele nyeupe na aproni, akinipungia kijiko. Huyo alikuwa Bi Nerea, mwenye nyumba alikokuwa akiishi Sundus kule Italia. Yeye alisema kwao, mimi nikasema kwetu, na Sundus akakaa katikati akitafsiri, na bila shaka akipunguza pilipili kwa pande zote mbili.

Bi Nerea alinizungusha mji wake kwa simu. Wallahi nilishtuka. Mawe, vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani, magari hayaingii, ngazi kila mahali. Nikajiona niko Mkomani, isipokuwa hakukuwa na punda. Nikauliza punda wako wapi. Akacheka, akanipeleka chini kwenye chumba chenye vigae vyeupe, bafu na mashine ya kufulia. Akasema pale ndipo baba yake alipokuwa akifunga punda wake, nao watoto juu wakilala kwa joto la mnyama.

"Mwambiye punda si maiti," nikamwambia Sundus.

Akamwambia. Bi Nerea alicheka hadi akashika ukuta. Alipotulia akaigeuza simu dirishani, nikauona mtaa wake. Ulikuwa mzuri, umefagiwa, maua kwenye vyungu, kila jiwe limekaa mahali pake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Watu wamelala?" nikauliza.

Hapo Bi Nerea hakucheka. Akaanza kunyoosha kidole. Ile ya mtu wa mji mkubwa, huja mwezi wa nane tu. Ile hulala wageni. Ile mwenyewe amekufa na wanawe wanagombania. Alisema zamani serikali yao iliwakataza watu kugusa chochote, hata kupitisha bomba, hata kupanua tundu la dirisha, mawe yasije yakaharibika. Vijana wakateremka bondeni kwenye majumba mapya yenye lifti. Baadaye sheria zikalegezwa, watu wakafundishwa kuingiza maji na umeme bila kubomoa, hata shule ikafunguliwa ya kazi hiyo, ndiyo aliyosomea Sundus. Katika mitaa mingine watu walirudi, hata mkate unaokwa tena huko asubuhi. Kwake walichelewa. Wanawe walikuwa wameshazaa wana huko bondeni.

"Anasema katika mtaa huu ni yeye peke yake anayeanika nguo," Sundus akatafsiri. "Watalii hupiga picha suruali zake za ndani."

Nilicheka, sikujizuia. Kisha nikaona wananifanyia mpango, yule mzee na huyu mtoto, nikabonyeza ile alama nyekundu ya kukata simu mwenyewe.

"Umempanga," nikamwambia Sundus.

"Sikumpanga, mama. Nilimwomba akuonyeshe tu."

"Na mimi naliona. Nyumba ya kati haiguswi."

Wiki iliyofuata Sundus alimwita Hamdu fundi. Alikuwa amejiaminisha kwamba nikimwona fundi mlangoni nitalainika. Mimi nikajiandaa kwa njia yangu. Asubuhi, baada ya sala, nilipanda juu na mkeka, mto, chupa ya chai na mikate ya mofa, nikaifungua nyumba ya kati. Ilinuka panya. Nikachoma udi kwenye chetezo. Sanduku langu la mwisho lilikuwa humo, lenye sanda yangu niliyoletewa kutoka Maka, nikaona panya ameanza kuitafuna pembeni. Basi nikapanda nayo darini, juu ya paa letu la wazi, nikaianika juani ipigwe na upepo. Nikashuka, nikaingia, nikajifungia komeo. Nilikuwa nimeapa sitoki mpaka fundi aende zake.

Sundus alikuja akagonga. Tulisemeshana kupitia mlangoni, na sitayarudia yote. Mwisho alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi, mama. Nimekubali. Kaa na chumba chako. Mimi nitazalia Kililana, na mtoto atakulia Kililana, na siku za sikukuu tutakuja kukuamkia."

Nikamsikia anateremka. Nikamsikia akimwambia Hamdu arudi nyumbani, leo hakuna kazi. Nilikuwa nimeshinda. Nikamimina chai, nikaona haina ladha.

Sasa mtazame Rawiya. Alikuwa darini kwake anaanika samaki. Anaona sanda nyeupe juu ya kamba yangu. Ananusa udi asubuhi, na harufu inatoka upande wa nyumba ya kati. Anachungulia kichochoroni, anamwona fundi anarudi na vyombo vyake hajavifungua, na nyuma yake Sundus anakimbilia gatini analia, buibui upande. Mtu wa Amu afikiri nini? Rawiya hakupiga hodi kuuliza, maana kuuliza ni kukosa adabu. Alifanya linalopasa. Alishuka akawaambia watu.

Mimi nilishtukia sauti za wanawake ngazini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mmoja, wawili, kisha ukumbi mzima. Wakakaa. Nikadhani labda mtu amekufa mtaani nao wamekosea nyumba. Kisha nikalisikia jina langu, na "marehemu" mbele yake.

Mtu mwenye akili angefungua mlango pale pale. Nami nilisimama, nikashika komeo. Ndipo Rawiya akasema, "Ulimi wake, Mola amsamehe, lakini sambusa zake hazina mfano." Nikaliacha komeo. Nilitaka kusikia nani atamjibu habari ya ulimi.

Walivuta pumzi tu, wote pamoja, kama watu wanaokubaliana. Kisha mwingine akauliza, "Na nyumba je?"

"Sundus atauza," Rawiya akasema. "Hakai hapa. Yuko Kililana na mumewe."

"Itakuwa hoteli, kama ya Bi Barka."

"Itakuwa hoteli. Mungu atwandikie kheri."

Wakaendelea na mambo mengine. Hawakusikitika sana, walilisema kama mtu asemavyo kesho kutakuwa na jua. Nami nikakaa kitako juu ya mkeka wangu. Yale madirisha ya Bi Nerea, yote yaliyofungwa, yalinijia mbele ya macho, na safari hii hayakuwa ya kwao. Niliogopa. Nilikuwa nimehesabu mahali pa kuoshewa na sikuwa nimemhesabu mwoshaji.

Mwoshaji akafika wakati huo huo. Nilizijua hatua zake. Bi Barka tulikua pamoja, tulicheza pamoja, nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Ndiye anayeosha wanawake wa Mkomani wanapokufa. Alipoiuza nyumba yake ikawa hoteli, nilimkasirikia, nikamnyima salamu. Tulipokutana njiani mimi nilitazama ukuta.

Akawaambia wanawake wateke maji kisimani wapandishe. Kisha akausogelea mlango wa nyumba ya kati, akasimama. Alidhani walionilaza wameurudisha mlango. Akasema na mimi polepole, vile waoshaji wasemavyo na maiti kabla ya kumgusa.

"Fahima, mama. Nisamehe na mimi nimekusamehe. Sikuuza kwa kupenda. Ndugu zangu walitaka haki yao, na mimi fedha za kuwalipa sikuwa nazo, na ukuta haugawiki. Ungaliniuliza ningalikwambia. Hukuniuliza. Haya, twende tukakuoshe vyema."

Akasukuma. Komeo likamzuia. Nikalivuta mwenyewe, maana nilikuwa nalia na sikujua la kufanya, na mlango ukafunguka.

"Assalaam alaykum, Barka," nikasema.

Barka ameosha wanawake wa mtaa mzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsalimia. Alikaa chini pale pale, juu ya kikapu chake cha kazi, na kafuri yote ikapondeka na kumwagika sakafuni. Huko ukumbini waliisikia sauti yangu. Ndoo ilianguka. Nasikia Rawiya alifika kwake na kiatu kimoja, na kile kingine alimtuma mtu akichukue, hakukifuata mwenyewe.

"Fahima, u hai?"

"Ni hai. Nakunwa chai."

"Mwehu we! Watu wametukua mai yuu ya ngazi zile, nawe wakunwa chai!" Akanipiga kofi mkononi, la nguvu, kisha akanishika mkono ule ule akaukumbatia, tukalia kama wasichana. Alipomaliza kulia aliinywa chai yangu yote akala na mofa.

Nikamweleza kwa nini nimejifungia. Akasikiliza akitafuna.

"Mwosha huoshwa," akasema. "Mimi naoshwa wapi, Fahima? Kwangu nyumba ya kati wametia beseni la kuogea, mtu hulala humo mzima na kitabu. Mimi nakaa Wiyoni kwa mtoto wa ndugu yangu. Chumba kile jeneza haligeuki."

"Utaletwa hapa," nikasema. Sikufikiri, lilitoka lenyewe.

"Na mai atapandisha nani? Mamako tulimwosha mimi na wewe. Mai tulitukua kwa ndoo toka tini, yakapita tini ya mlango yakaingia ndani, ukawa wafuta huku walia. Umesahau?"

Sikusahau.

"Miaka yote naosha watu kwa mai ya baridi, nawaomba radhi. Mtoto ataka kutia mfereji papa hapa. Mfereji, Fahima! Wewe wamkataza?"

"Ataka kutia na choo!"

"Choo na kikae kwengine. Pale panda ya ngazi huku yuu, ukuta mmoja na chumba hiki, mnapoweka makaa. Umemwambia hivyo?"

Sikuwa nimemwambia hivyo. Nilikuwa nimemwambia haiguswi, basi.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo tuliposikia mtu anapanda ngazi, si kwa kutembea bali kwa kujivuta, akihema. Rawiya, bila shaka, alikuwa amempigia Sundus simu ya pole. Sundus alipata habari katikati ya mkondo, boti ikielekea bara, na nahodha akageuza. Alipita ukumbini, akapita ndani, akasimama mlangoni mwa nyumba ya kati na tumbo lake, uso umevimba, akanikuta nimeshika kikombe.

Alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwangu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Nilikuwa nimekichezea kifo changu, na mwanangu ndiye aliyekibeba baharini peke yake.

"Sitaki bafu, mama," akasema kwenye nguo yangu. "Nitashuka ngazi. Nitakaa. Sitaki kitu."

"Hushuki ngazi popote. Inua kitwa unisikize. Choo hakiingii humu. Kitakaa kwenye chumba cha makaa."

Akainua kichwa.

"Humu utatia mai, na yawe ya moto. Sakafu iinamie upande mmoja, yasiingie ndani. Mlango usipunguzwe, jeneza lipite. Na pale ukutani wataka kujenga nini?"

"Sijui. Pa kuwekea sabuni."

"Jenga baraza ya mawe. Urefu wa mtu mzima. Kimo, muulize Barka, ndiye ainamaye."

Sundus akafuta machozi kwa kiwiko. Akatazama ukuta, akatazama sakafu, na nikamwona yule fundi ndani yake akiamka. Kafuri ya Barka ilikuwa imemwagika pale chini, nyeupe, na Sundus akaanza kuchora kwa kidole juu yake, bomba hapa, baraza pale, huku pua bado inamtoka maji. Barka akampangusia kwa mtandio wake.

Chini kwa Rawiya sufuria kubwa la wali wa matanga lilikuwa tayari limeiva. Wali haurudi kwenye gunia. Tuliula sote, nami nilikaa mbele kabisa, na walioniita marehemu niliwapakulia kwa mkono wangu.

Kazi ilichukua muda kuliko alivyoahidi Hamdu, kama kawaida ya mafundi. Walitumia chokaa ile ile ya zamani, waliyoiloweka wenyewe, wala saruji haikugusa ukuta wa zidaka. Wakaja watu wanaosimamia uhifadhi wa mji, wakalikataa tangi jeusi juu ya paa kwa sababu linaonekana toka pwani. Sundus akawakubalia, akalishusha nyuma ya ukuta wa dari. Bomba nalo walilikataa. Hapo akagombana nao siku tatu, akawaonyesha picha za Italia, akawapikia tambi, wakakubali lipite ndani ya ukuta wa nyuma. Mwanga alishindwa. Alitaka tundu la mwanga paani, wakasema hapana, akanuna, akaweka globu. Mimi naona globu yatosha.

Siku tuliyomaliza tulimpigia Bi Nerea. Sundus akamzungusha, na Bi Nerea akasifu chokaa, akasifu vigae. Akauliza ile baraza ndefu ni ya nini. Sundus akamweleza. Nikadhani atashtuka. Akasema kitu, na Sundus akacheka huku machozi yamemlenga.

"Anasema na yeye angetaka moja. Anauliza kama kwenye mtaa wetu kuna nafasi."

"Mwambiye ipo. Lakini aje angali hai, apike."

Mtoto alizaliwa hospitali, msichana, na akaletwa nyumbani kwa kelele. Aliogeshwa mara ya kwanza juu ya baraza ile, Swafwan akishika taulo akiogopa kama ameshika yai. Barka naye alianza kuja kila Ijumaa na kikapu chake, lakini ndani si kafuri tena, ni sabuni na mafuta ya nazi. Nilipomuuliza alisema, "Mai ya moto yapo, mimi mifupa yaniuma, kwa nini ningoje nife?" Baada yake wakafuata wengine. Siku hizi Ijumaa nyumba yangu ina foleni. Hata Rawiya huja, na mimi humwacha aoge wa mwisho.

Kipupwe kilichopita magoti yangu yaligoma kabisa. Nilishinda kitandani, na siku ya tatu nikajiona nanuka, nikamwita Sundus. Akanishika kwapani, tukapita ndani, tukazipita zidaka, tukaingia. Akanilaza juu ya baraza na khanga mwilini. Mawe yalikuwa yamekwisha pata joto. Akajaza ndoo kutoka mferejini, akachukua kata ya kifuu aliyokuwa akiitumia mama yangu, akaanza upande wa kulia, begani, mkono, ubavu, mguu, akinimiminia taratibu na kunisugua. Sikumwambia aanze upande wa kulia. Alijua.

"Mama, maji yana moto sana?"

"Yako sawa."

Nilitazama dari, zile boriti nilizozaliwa chini yake. Nilikuwa nalia kidogo, na maji yalikuwa yananitiririka usoni, kwa hivyo hakuna aliyejua. Nilikuwa nimelitaka jambo hili miaka mingi, chumba hiki, maji, na mikono ya mwanangu, na nilikuwa nikidhani sharti nife kwanza ndipo nilipate.

Upande wa pili wa ukuta mtoto akaamka akaanza kulia. Sundus akaweka kata chini, akataka kwenda.

"Maliza upande wa kushoto kwanza," nikamwambia. "Yule atangoja. Ni mwenye nyumba."